Sura ya Sita: Nyumba ya Magurudumu na Barabara ya Fizi

Mwezi wa Mei 2015, kwenye Giro d'Italia, Mwaustralia Richie Porte hakulala hotelini na wenzake. Timu yake, Team Sky, ilimtayarishia gari-nyumba, na kila jioni likawa linamngoja mahali mbio zilipoishia. Hesabu ya timu ilikuwa rahisi. Giro ni wiki tatu, na karibu kila usiku ni hoteli nyingine, godoro jingine, kelele nyingine dirishani. Anayelala kitanda kimoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho ameshawapita wenzake kwa usingizi kabla hajakanyaga pedali. Mwezi uliofuata, Tour de France ikiwa mlangoni, shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, likafunga mlango huo: kila mshindani alale kwenye hoteli aliyopangiwa na waandaaji. Mwenye fedha nyingi asije akanunua hadi usingizi.

Kwa Porte gari-nyumba halikufua dafu. Siku ya kumi ya mbio, zikiwa zimebaki kilomita chache kuingia Forlì, gurudumu lake la mbele lilipata pancha. Simon Clarke, Mwaustralia mwenzake lakini wa timu pinzani, akasimama, akachomoa gurudumu lake mwenyewe, akampa. Picha zikazagaa, watu wakasifu udugu. Jioni waamuzi wakafungua kitabu cha sheria: kila mmoja akaongezewa dakika mbili na kutozwa faranga 200 za Uswisi, kwa sababu gurudumu haliruhusiwi kutoka timu moja kwenda nyingine. Kabla Giro haijaisha Porte alikwisha kujitoa.

Ukivisoma visa hivyo ukiwa Baraka, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye njia ya kwenda Fizi, cha kwanza kinachekesha na cha pili kinaudhi. Huku kwetu hakuna anayelalamikia ubora wa godoro la hoteli, na mtu akimkuta mwenzake kainamia gurudumu njiani halafu apite, jina lake litafika sokoni kabla yake. Hata hivyo visa hivyo ndivyo vinavyoonyesha kiini cha kuendesha baiskeli siku nyingi mfululizo: miguu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni swali la nani yuko nyuma yako, amebeba nini, na anaruhusiwa kukupa wakati gani.

Tuanze na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Katika mbio kubwa kila timu ina gari lake nyuma ya kundi, na magari hayajipangi yapendavyo. Gari la timu yenye mtu wa juu zaidi kwenye msimamo hutangulia, la timu inayoburuta mkia huja mwisho. Maana yake ni kwamba aliye dhaifu ndiye anayengoja gurudumu muda mrefu kuliko wote. Dereva mara nyingi ni mkurugenzi wa timu, ambaye mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine kwenye redio. Kiti cha nyuma hukaa fundi, magurudumu yako karibu naye, ili gari likisimama awe ameshatua chini. Paani zimefungwa baiskeli za akiba. Ndani kuna sanduku la barafu lenye chupa, na mmoja wa timu, yule ambaye kazi yake ni kuwatumikia wenzake, hurudi nyuma mpaka kwenye dirisha la gari, anajaza chupa mifukoni na kifuani, kisha anakata pumzi kulifukuza kundi ili awagawie. Hapo ndipo ujanja huzaliwa. Mkurugenzi anatoa chupa, mwendeshaji anaishika, na wote wawili hawaiachii kwa sekunde kadhaa huku gari likiongeza mwendo. Waamuzi wanaujua mchezo huo na wanautoza faini, na bado unachezwa kila msimu.

Nyuma ya magari yote huja gari la kufagia, linalowaokota waliochoka. Tour de France ililianzisha mwaka 1910, mwaka uleule ilipoingia milima mikubwa ya Pyrenees kwa mara ya kwanza. Waandaaji waliwapeleka watu milimani na wakaona haya kuwaacha huko.

Haya hiyo ilikuwa na mipaka. Mwaka 1913 Eugène Christophe, akishuka mlima Tourmalet, alivunjikiwa uma wa mbele wa baiskeli yake. Sheria ya wakati ule ilimtaka kila mtu ajitengenezee mwenyewe. Akaibeba baiskeli begani, akashuka kwa miguu kilomita zaidi ya kumi mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwenye karakana ya mhunzi, akafua chuma kwa mikono yake huku maofisa wa mbio wamesimama wakimtazama asije akasaidiwa. Ilimchukua saa kadhaa. Kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, mtoto mmoja alimvutia mivukuto. Wakamwongezea dakika za adhabu kwa ajili ya mtoto huyo.

Wafaransa wameiweka habari hiyo katika hadithi za mashujaa wao. Mimi kila nikiisoma namfikiria mhunzi, aliyesimama pembeni katika karakana yake mwenyewe, haruhusiwi kugusa kitu.

Gari-nyumba lenyewe lina makao yake halisi mahali pengine, kwenye Race Across America, mbio za kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani, kama kilomita 4,800, zilizoanza mwaka 1982 na washindani wanne. Huko saa hazisimami usiku. Timu ya watu wanne hujigawa wawili wawili: wawili wako barabarani wakipokezana, wawili wamelala. Wanalala wapi? Ndani ya gari-nyumba. Lakini gari hilo halikai nyuma ya mwendeshaji kama wengi wanavyodhani. Ni pana, ni zito, lingeziba barabara nzima. Linalomulikia njia usiku ni gari dogo. Gari-nyumba hutangulia, linakwenda kuegesha mahali patakapofanyika zamu, jiko linawashwa, maji yanachemshwa, shuka zinakung'utwa, na waliochoka wanapofika wanawakuta wenzao wamekwisha kula. Wapo madereva wa kupokezana, mpishi, mtu wa ramani, mkandaji, fundi. Waliowahi kuifanya kazi hiyo watakwambia kwamba anayeanguka kwa uchovu mara nyingi ni dereva, siyo mwendesha baiskeli.

Na Afrika? Mwaka 2007 Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishiriki Cape Epic ya Afrika Kusini, siku nane za baiskeli za milimani, akiwa na kocha wake Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kuendesha Tour de France, mwaka 1981. Cape Epic ni ya watu wawili wawili, na sheria yake naipenda: wawili hao hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Msaidizi wako wa kwanza ni huyo aliye pembeni yako, naye kavuja jasho kama wewe. Usiku washindani hulala kwenye kijiji cha mahema, na wenye uwezo hukodi magari-nyumba yanayoegeshwa kando ya kambi. Miaka mitano baadaye Niyonshuti alikuwa London kwenye Olimpiki, ameshika bendera ya nchi yake.

Nchi yake ilikuwa imejijengea mbio zake zamani. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na mshindi wa kwanza alikuwa Célestin Ndengeyingoma. Mwaka 2009 iliingia kwenye kalenda ya UCI, na mwaka 2019 ikapanda daraja. Mwaka huo siku moja ilikuwa ya kutoka Huye mpaka Rubavu, zaidi ya kilomita 200 za milima. Yote hayo yanawezekana kwa sababu ya lami. Gari la timu likiwa na sanduku la barafu na baiskeli paani linakimbia Rwanda kama linavyokimbia Ubelgiji, na usiku kuna hoteli. Kongo nayo ina Tour yake ya taifa, iliyoanza mwaka 2013, lakini barabara ya Fizi haijawahi kuwa yake.

Waliotaka kuvuka bara zima walijifunza mapema kwamba gari-nyumba la Kizungu halifai. Tour d'Afrique, iliyoanza mwaka 2003, hutoka Cairo mpaka Cape Town, takriban kilomita 12,000 kwa miezi minne, ikipita Kenya na Tanzania. Nyumba yake ni malori. Lori linabeba mabegi, maji, masufuria na vipuri. Linawapita waendeshaji asubuhi, linawangoja na chakula cha mchana kando ya barabara, na jioni mahema yanasimamishwa kulizunguka.

Sasa tuje nyumbani.

Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira, inashika ukingo wa Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, inapita Makobola, Swima, Mboko na Lusenda, inafika Baraka baada ya kilomita 90 hivi. Kutoka Baraka inaliacha ziwa, inapanda kilomita thelathini na kitu mpaka Fizi, kisha inaendelea kuitafuta Kalemie. Kwa macho ya mwendesha baiskeli ni njia tamu: siku ya kwanza tambarare kwa sehemu kubwa, maji upande wa kushoto, milima upande wa kulia, siku ya pili mlima. Ziwa liko kwenye mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, na Fizi imekaa juu ya mita 1,000. Kwa macho ya dereva wa gari-nyumba ni habari nyingine kabisa. Kutoka milima ya Itombwe inashuka mito mingi ya kuingia ziwani, na katika masika kila mto una maoni yake kuhusu daraja. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaharibu nyumba kwa maelfu ndani ya Uvira kwenyewe. Ziwa nalo miaka hii limepanda likala nyumba za ufukweni. Gari-nyumba lina mkia mrefu unaoning'inia nyuma ya magurudumu, ambao ungekuna ardhi kwenye korongo la kwanza. Kuta zake ni mbao nyembamba na plastiki zilizogandishwa kwa gundi, na mashimo ya njia hii yangeziachanisha kabla ya Mboko.

Kwa hiyo nyumba hiyo igawanywe. Kitanda kibebwe na lori la Fuso, fundi abebwe na pikipiki, na maji na mizigo mizito visafiri kwa boti.

La boti wengi hulicheka, na hilo ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Kutoka Uvira mpaka Baraka barabara na ziwa haviachani sana, na ziwa halina mashimo wala daraja lililovunjika. Watu wa Fizi hawahitaji kufundishwa hilo. Kuanzia mwaka 2005, wakimbizi wetu waliokuwa Kigoma walirejeshwa kwa meli wakashukia Baraka, na vitanda vyao, kuku wao, mabati yao na baiskeli zao. Miaka arobaini kabla ya hapo, Aprili 1965, Che Guevara naye alivuka kutoka Kigoma akashukia Kibamba, katika eneo hilihili la Fizi, na kwa miezi saba silaha, dawa na chakula chake vilikuja kwa boti. Shida yake ya mizigo ilianzia pale maji yalipoishia, kwa sababu kila kitu kilibidi kipandishwe mlimani kwa migongo ya watu. Mpangaji wa msafara wa baiskeli aisome habari hiyo kama mtu wa mizigo na aache siasa kando.

Boti ya mashine ikiondoka alfajiri Kalundu, bandari ya Uvira, hali ya hewa ikiwa nzuri, itakuwa imeshafika Mboko wakati waendeshaji wanatokea na vumbi lao. Jiko liwake pale ufukweni. Anayeugua apakiwe, alale kivulini, afike Baraka bila kurushwarushwa. Ila kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, ambacho barabara inakipenda, ndicho chenye upepo mkali wa kusini unaoinua mawimbi. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho, maboya ya kuvaa yawe sawa na idadi ya watu, na akisema leo hatutoki, Fuso ibebe vyote na siku irefuke. Asibishaniwe na mtu aliyejifunza hali ya hewa kwenye simu.

Maji ya kunywa ni jambo la kukaa nalo kitako. Chukua timu ya watu sita. Kwenye njia hii, kilomita 15 kwa saa ni mwendo wa heshima, basi Uvira mpaka Baraka ni saa sita juu ya tandiko. Kwenye joto la ziwa kila mmoja anahitaji kama robo tatu ya lita kwa saa: hiyo ni lita 27 za kunywa tu. Ongeza za kupikia, za kuoga jioni, za kuoshea majeraha na za wasaidizi wenyewe, na utajikuta na bidoni tano au sita za lita 20. Ziwa liko pale, linang'aa, linakaribisha. Lakini kipindupindu kimefanya makao kwenye ukanda huu wa Uvira na Fizi kwa miaka mingi, na Baraka inawajua vizuri Madaktari Wasio na Mipaka kwa sababu hiyo na nyingine. Kila bidoni ichemshwe au itiwe klorini, iandikwe kwa rangi, na mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kujaza chupa. Timu inaweza kuvumilia pancha ishirini, lakini tumbo moja likiharibika mbio zimekwisha. Na kinywaji cha gharama kinachouzwa Ulaya kwenye pakiti za rangi kina undugu wa karibu na kile ambacho kina mama wetu hufundishwa kliniki: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Ongeza limau kama unataka ladha.

Chakula hakina shida. Mwili unaofanya kazi hiyo unaweza kutumia gramu 60 za wanga kwa saa, na ndizi moja mbivu ya kutosha ina kama 25. Watu sita kwa saa sita watamaliza ndizi tisini hivi, nazo hazihitaji kutoka Kampala, zinauzwa njiani. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kutiwa chumvi hukaa mfukoni vizuri kuliko biskuti. Jioni ni bugali wa muhogo, sombe iliyopikwa na mawese, na samaki wa mikebuka. Nimewahi kusikia kocha akikataza mawese usiku wa mbio. Sikumwelewa.

Halafu fundi. Hapa ndipo timu ya mjini hukosea kabla haijaondoka. Inakuja na baiskeli nyepesi, za kilo saba (UCI hairuhusu chini ya kilo 6.8), zenye magurudumu membamba kama kidole, na hakuna duka Baraka lenye mpira wa ndani wa kuyatosha. Ukipasuka mpira wa mwisho, baiskeli ya maelfu ya dola inakuwa pambo. Njia hii ina baiskeli zake, nyeusi, za inchi 28, Phoenix za China, Avon na Hero za India, na kila kipuri chake kinapatikana kwa fundi yeyote aliyekaa chini ya mwembe na beseni la maji. Mtazame akifanya kazi. Anachomoa mpira kwa mpini wa kijiko bila kuutoboa mara ya pili, anautia upepo, anauzamisha kidogo kidogo mpaka mapovu yaonyeshe tundu, anapachora kwa msumari ili asipapoteze. Anakausha kwa shati lake. Anakwangua kwa kipande cha bati alichokitoboa kwa misumari kikawa na meno, anapaka gundi, kisha anangoja. Kungoja ndiko wasikokuweza wageni. Wanabandika gundi ikiwa mbichi na kiraka kinabanduka baada ya kilomita mbili. Yeye anaigusa kwa nyuma ya kidole, ikiwa hainati tena anabandika kipande alichokata kwenye mpira wa zamani, anakigonga kwa nyundo juu ya jiwe, na kazi imekwisha. Ushauri wangu kwa timu: njooni na magurudumu ambayo mtu huyu anayajua, hata kama ni mazito. Mtapoteza mwendo na kupata karakana kila baada ya vijiji viwili.

Mlima wa Fizi una walimu wake. Ni vijana wa kinga, yaani wa baiskeli, wale wanaobeba mawese, muhogo na makaa kati ya milima na soko la ziwani. Bidoni nne za lita 20 za mawese ni zaidi ya kilo 70, mbali na baiskeli yenyewe. Hakuna anayeendesha mzigo huo kupanda, unasukumwa. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani ili kuuongoza ukiwa pembeni, nyingine imesimamishwa nyuma ya tandiko ili kuweka bega. Penye mteremko mkali wanatembea wawili, mmoja akiwa breki. Pampu imefungwa kwenye fremu kwa mpira, sufuria inaning'inia, na kiraka na gundi viko mfuko wa shati. Nyumba ya magurudumu ya Fizi ni hiyo, na dereva wake analala panapomkuta jioni, kwa mtu wa ukoo au kwa mtu tu.

Timu nayo italala kwa watu, kwa hiyo wapo wa kuonwa kwanza. Eneo la Fizi lina sekta nne, Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge, na kila moja ina shefu wake, na chini yake wapo mashefu wa vijiji. Mtu wa kutangulia apite siku kadhaa kabla, na pikipiki, bila papara. Asalimie, akae, aeleze. Aanze na «Shikamoo, papa shefu» kabla ya kufungua karatasi zenye mihuri. Aombe uwanja wa parokia au darasa la shule, aulize akina mama gani wa kijiji watapika na watalipwa nini, aulize wapi pasipigwe makelele. Makobola, kwa mfano, mamia ya raia waliuawa mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Msafara wenye spika na mabango usipite pale kama unapita sokoni.

Mtu huyohuyo wa kutangulia ndiye atakayejua kama safari ipo au haipo. Sipendi vitabu vinavyoitaja Fizi kwa bunduki tu, lakini kitabu kinachompangia mtu barabara kisizifiche. Makundi yenye silaha yapo, vizuizi vya barabarani vipo, na baadhi ya vizuizi vinataka karatasi, vingine vinataka pesa. Kumbuka Februari 2025: Goma ilikuwa imetekwa mwezi uliotangulia, Bukavu ikafuata, na siku chache baadaye Tour du Rwanda ilianza ng'ambo ya mpaka. Timu ya vijana ya Soudal Quick-Step ilijitoa kwa sababu za usalama. Nyingine zilibaki zikakimbia. Kila timu ilipima yenyewe. Kwenye njia yetu kipimo changu ni wasafirishaji wa mawese. Wakiacha kupita, usiulize kwa nini, geuza. Wakipita, pita nao, na hakuna gurudumu, la baiskeli au la Fuso, linalotembea baada ya saa kumi jioni.

Inabaki kanuni ya mbio. Siku mtu atakapoandaa mashindano ya siku tatu kati ya Uvira, Baraka na Fizi, ataletewa kitabu cha sheria kilichotafsiriwa, na ndani yake ataikuta ile iliyomwadhibu Clarke. Iondolewe. Iandikwe kwamba mshindani yeyote anaweza kupewa gurudumu na yeyote, kutengenezewa na fundi wa kijiji chochote, na kupewa maji na mtu aliyevaa fulana ya wasimamizi peke yake, kwa sababu ya kipindupindu. Kuna jambo moja gumu, nalo ni kusukumwa. Watoto wa mlima wa Fizi wakiona mtu anapanda kwa shida watamsukuma, wanavyomsukuma mjomba wao mwenye bidoni, na hakuna mwamuzi wa kuwazuia. Basi iruhusiwe kwa wote, kuanzia mto wa mwisho mpaka kileleni, na dakika zihesabiwe mpaka mtoni. Mlima uwe na zawadi yake ya pembeni. Kuhusu mafundi, kila mmoja apewe kabla ya mbio vikaratasi vyenye muhuri. Akitengeneza anaandika namba ya baiskeli na kazi aliyoifanya, na jioni boti ikirudi Mboko mhasibu awe ndani yake, na pesa taslimu, alipe palepale.